Mama aliuliza: milima iko wapi?

Dirisha la treni lilikuwa jeusi tii. Nimeshika simu, kamera nimeshaiwasha, kioo nimekifuta na mkono wa sweta, na kitu pekee kinachoonekana pale ni uso wangu na taa ya juu ya siti. Nikasubiri. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, masikio yakaziba yakazibuka, na mzee aliyekaa mbele yangu anasoma gazeti lake tu, hata macho hajainua. Nikajisemea sawa, ni handaki, litaisha, milima inakuja.

Alafu mwanga ukaingia wote kwa mpigo. Nje kuna mizabibu, nyumba za mawe, jua kali, na ile sauti ya kwenye spika ambayo tangu Zürich ilikuwa inaanza na Kijerumani sasa inaanza na Kiitaliano.

Milima ya Alps nilikuwa nimeshaivuka.

Kabla ya handaki tulipita kando ya ziwa, kuna miteremko mikubwa inaingia mpaka majini, lakini siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka chini kabisa na mimi sikuhangaika, nilijua huo ni mwanzo tu. Kumbe ndo ilikuwa yenyewe. Nikamtumia mama picha niliyokuwa nayo, ya dirisha jeusi na uso wangu. Baada ya nusu saa akanirudishia sauti ya wasap, nyuma yake nasikia kuku na redio: "Mwanangu, nimeiona. Sasa milima iko wapi?"

Wiki ya saba hii, na hilo swali halijanitoka.

Kilichonipeleka dirishani

Mimi ni wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, kwa hiyo mambo ya mlima siwaelezi sana. Kwetu mtu hasemi anaenda kuangalia mlima. Asubuhi mtu anatoka kufungulia mbuzi, anainua kichwa, anasema leo umetoka, basi, anaendelea na kazi zake. Ukifunikwa wiki nzima hakuna anayelalamika.

Baba yangu alikuwa mgumu. Wasiojua lugha ya kule, wagumu ndo wapagazi, wale wanaobeba mizigo ya wageni. Alibeba karibu miaka ishirini, tena kabla ya mizani za getini na hii sheria ya kilo 20, enzi hizo unabeba ulichopewa ukikataa anapewa mwingine. Leo shingo yake haigeuki vizuri. Ukimwita kutoka nyuma anageuka na mwili mzima.

Sasa kikao cha kazi cha Zürich kilipopatikana, na dada yangu anaishi Milano, nikaona treni ndo yenyewe, masaa matatu na ushee unakatisha katikati ya Alps. Na nakiri nilienda na majivuno. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Mont Blanc, kilele kirefu kuliko vyote vya Alps, ni kama mita 4,800. Kibo Hut, pale wageni wanapolala kabla ya kuanza kupanda usiku kwenda kileleni, ni zaidi ya mita 4,700. Yani paa la Alps yote ni pale ambapo baba yangu alikuwa anashusha mzigo na kuchemsha chai. Hiyo sentensi niliiandaa kabisa kwa ajili ya status, nisubiri tu picha ya kuweka juu yake.

Picha haikupatikana. Lakini sio hilo lililonisumbua.

Nilichosoma usiku ule kwa dada

Dada alikuwa na zamu ya usiku, nikabaki peke yangu jikoni kwake, nikaanza kusoma kuhusu lile giza. Handaki linaitwa Gotthard, lile la chini, maana yapo mawili ya reli. Lina kilomita 57, linaanzia Erstfeld upande wa kaskazini linatokea Bodio kusini, lilizinduliwa tarehe 1 Juni 2016 na hakuna handaki la reli refu kuliko hilo duniani. Kuna sehemu mwamba uliokuwa juu ya kichwa changu ulikuwa na unene wa mita 2,300. Ndani ya mlima mle mawe yenyewe yana joto linalozidi nyuzi 40, bila mitambo ya kupooza hewa watu wasingeweza kufanya kazi.

Watu 9 walikufa wakilijenga. Wajerumani wanne, Waitaliano watatu, Muaustria mmoja.

Na mmoja wa Afrika Kusini.

Huyu wa mwisho nilimrudia mara nyingi. Sina jina lake wala simjui, ila nikawaza kuna nyumba mahali fulani kule kwao walipokea simu. Na nikakumbuka nilivyokuwa nimekaa mle ndani nimekunja uso, nahesabu dakika, naona kama kuna mtu kanidhulumu milima yangu.

Dada aliporudi asubuhi nikamwambia. Akavua viatu, akaniambia reli ya zamani bado ipo, inapita juu, ukirudi Zürich shuka Bellinzona upande ile inayosimamasimama. Nikamuuliza inachukua muda gani zaidi. "Si ulikuja kuona milima wewe?" Akaenda kulala.

Nilisitasita siku mbili. Kiukweli niliona kama kupoteza siku nzima. Mtoto wa Marangu unazunguka nusu ya Uswisi kutafuta mlima, wakati kwenu unauangalia ukiwa unapiga mswaki? Nikikaa nje ya mji mwaka mzima narudi nyumbani Krismasi, mlima haujatoka hata siku moja, na sijawahi kuumia. Kwa nini huu uniume? Sikuwa na jibu, ila nilipofika Bellinzona miguu ilishuka yenyewe.

Treni inayojizunguka

Reli ya zamani inafuata bonde la mto Ticino, inapanda kidogokidogo. Chini kabisa ni joto, kuna hadi minazi ya mapambo kwenye bustani za watu, alafu mabonde yanabana, maporomoko ya maji yanashuka kama kamba nyeupe zimeninginizwa kwenye ukuta, na juu kabisa, ukiinamisha kichwa mpaka shavu liguse kioo, theluji.

Ndo nikaiona. Ukweli ni kwamba haifanani na kwetu hata kidogo na ule mpango wangu wa kulinganisha mita ukafia palepale. Kibo umekaa peke yake, umejitenga, unauona wote ukiwa mbali, kama mzee aliyekaa kwenye kiti chake uwanjani. Hii ya kwao imesimama msongamano, mabega kwa mabega, na wewe uko chini miguuni mwao na huoni hata mmoja mzima. Unaona ubavu, unaona goti, unakata kona unaona mwingine. Nikaacha kupiga picha, maana kila nikipiga inatoka ukuta wa mawe tu.

Mahali panaitwa Biaschina treni ikaingia kwenye mwamba, giza, ikawa inakata kona mlemle ndani, mwili unausikia unavutwa upande mmoja, haiachi kukata kona. Ikatoka. Nikaangalia chini nikaona reli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ni reli tuliyokuwa juu yake dakika chache zilizopita, sasa iko chini yetu. Ikaingia tena kwenye mwamba, ikajizungusha tena, tukatokea juu zaidi.

Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, magurudumu ya chuma juu ya chuma yatateleza. Kwa hiyo waliojenga walichimba mizunguko ndani ya mlima, wakairefusha njia ili mwinuko uwe mdogo. Ukiona reli zilivyo pale ni kama mtu kaangusha uzi.

Nikacheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu hiyo naijua. Kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's, ukingo wa juu wa Kibo, ni kokoto, ukipanda moja kwa moja unarudi nyuma, kwa hiyo unapanda kwa kukata huku na huku, huku na huku, polepole, usiku kucha. Baba alinieleza nikiwa mdogo kwa kuchora kwenye majivu ya jikoni. Alichora kwa kusimuliwa. Mizigo ilikuwa inaishia Kibo Hut, wanaoendelea kileleni ni wageni na waongozaji wao, mgumu anabaki kulinda vitu na kuandaa uji wa watakaorudi. Miaka karibu ishirini, na Uhuru Peak baba yangu hajawahi kusimama.

Hilo nililijua siku zote. Ila pale kwenye treni ndo mara ya kwanza lilinikaa vibaya.

Airolo

Airolo ni mji mdogo kwenye mdomo wa kusini wa handaki la zamani. Nikashuka. Kulikuwa na baridi kavu, jua linawaka, stesheni imetulia hata mbwa hakuna. Nilikuwa nimesoma kwamba karibu na hapo kuna sanamu, na sikupata shida kuipata.

Ni ya shaba, imechongwa kama picha ya ukutani, watu wanatoka kwenye ubao. Wafanyakazi wa handaki wamebeba mwenzao aliyekufa juu ya machela, wanamtoa nje. Aliyeitengeneza ni Vincenzo Vela, mtu wa hukohuko mkoa wa Ticino, ambaye utotoni alikuwa anachonga mawe kwa ajira kabla hajawa mchongaji mkubwa. Hakuna serikali wala kampuni iliyomuagiza. Handaki limefunguliwa 1882, watu wanasherehekea, yeye kaamua mwenyewe kutengeneza hao. Hiyo ya shaba iliwekwa Airolo mwaka 1932, handaki lilipotimiza miaka 50, yeye akiwa ameshafariki zamani.

Nilikaa hapo lisaa limoja zima mpaka treni nyingine ikaja.

Sio kwa sababu ni nzuri, ingawa ni nzuri. Ni kwa sababu ya migongo. Watu waliobeba kitu kizito pamoja kwenye njia mbaya wana namna yao ya kuinama, kila mtu anamuangalizia mwenzake hatua, na mimi hiyo migongo nimeikuta nyumbani kwetu, nimeikuta getini Marangu nikiwa na miaka saba nasubiri baba ashuke.

Handaki hilo la kwanza lina kilomita 15, lilichimbwa kuanzia 1872, na wengi wa waliochimba walikuwa Waitaliano maskini kutoka kaskazini mwa kwao. Walikuwa wanalala kwa zamu kwenye kitanda kimoja, anayetoka kazini anaingia kwenye shuka za anayekwenda. Karibu watu 200 walifia humo, kwa mawe, kwa baruti, kwa kugongwa na mabehewa ya kutolea kifusi. Hapo hawajahesabiwa waliorudi kwao wagonjwa wakafia vijijini.

Julai 1875, upande wa pili kule Göschenen, waligoma. Moshi wa baruti ulikuwa hautoki na wao wanarudishwa ndani palepale baada ya mlipuko, wakataka hewa na nyongeza ya mshahara. Wakaletewa wanamgambo wenye bunduki. Wanne wakapigwa risasi wakafa.

Safura

Hapa kuna kitu nilikisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la stesheni, na sikutegemea kukutana nacho Ulaya.

Wachimbaji walianza kuumwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa. Mtu anapauka, anaishiwa nguvu, pumzi inakata, moyo unaenda mbio akitembea hatua kumi. Madaktari wakadhani ni hewa mbaya, wakadhani ni chakula. Mpaka mwaka 1880 huko Torino, Italia, mtafiti Edoardo Perroncito akawapima na kukuta tumboni mwao kuna minyoo inayonyonya damu.

Ni safura.

Safura ileile ya kwenye kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, yenye mchoro wa mguu mtupu na mshale unaoonyesha mnyoo unavyopenya kwenye ngozi. Ile ambayo kwa sababu yake mwalimu alikuwa anatukagua viatu mstarini. Mimi maisha yangu yote nilijua huo ni ugonjwa wa kwetu, wa nchi za joto, wa watu wasio na vyoo. Na ndivyo ilivyokuwa mle ndani: joto linazidi nyuzi 30, maji yanatiririka kila mahali, choo hakuna, maelfu ya watu wanajisaidia gizani na wanakanyaga hapohapo. Juu ya vichwa vyao kuna theluji ya Alps. Chini yake kampuni ilikuwa imetengeneza nchi ya joto yenye umaskini wake wote, na minyoo ikajisikia nyumbani. Wachimbaji walipomaliza kazi wakaenda kutafuta ajira kwenye migodi mingine ya Ulaya, wakaenda nao.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu hili. Nililia kidogo. Kuna mama mmoja mwenye mkokoteni wa soko akaniuliza kitu kwa Kiitaliano, nadhani aliniuliza kama niko sawa, nikamwitikia kwa kichwa.

Yule aliyekuwa na mkataba wa kujenga, Louis Favre wa Geneva, naye hakuliona likiisha. Alianguka mlemle ndani Julai 1879 akiwa anakagua, akafa, ana miaka 53. Miezi michache baadaye, Februari 1880, pande mbili zilipokutana, kitu cha kwanza kupitishwa kwenye tundu kilikuwa kopo lenye picha yake. Ile habari inasimuliwa sana, na inagusa, siwezi kukataa. Ila nilikuwa nimekaa mbele ya watu wa shaba wasio na majina na nikawa najiuliza wao picha zao zilipitishwa wapi.

Kanisa mara tatu

Handaki la zamani lenyewe unalivuka kwa kama dakika kumi. Airolo niliacha jua, Göschenen nikakuta ukungu na mvua ya manyunyu, utadhani ni nchi mbili, na kwa watu wa kule hilo ni jambo la kawaida kabisa, mlima unagawa lugha na unagawa hali ya hewa.

Kutoka hapo reli inashuka, na inafika Wassen. Wassen kuna kanisa dogo jeupe juu ya kilima na unaliona mara tatu. Mara ya kwanza liko chini yako, treni inaingia mwambani inajizungusha, unatoka unaliona liko karibu usawa wako, inaingia tena, unatoka unainua kichwa liko juu. Mtoto mmoja wa kwenye siti za pembeni alikuwa analisubiri, kila likitokea anapiga kelele na bibi yake anampigia makofi. Ukungu ulifunguka mara ile ya tatu tu. Nikapiga picha, kanisa, na nyuma yake mlima umesimama wima na theluji yake, umetoka wote.

Nikamtumia mama. Akajibu hapohapo: "Haya sasa. Mzuri. Baba yako anasema mbona uko karibu hivyo."

Miaka ya nyuma treni zote zilikuwa zinapita hapo juu, kila aliyesafiri kwenda Italia aliliona hilo kanisa. Sasa hivi nyingi zinapita chini. Ila Agosti 2023 treni la mizigo lilipata ajali ndani ya handaki jipya, likaharibu reli vibaya sana, na halikufunguka kikamilifu mpaka Septemba 2024, na mwaka mzima huo abiria wengi wakarudishwa juu, safari ikaongezeka kama saa zima. Nawaza wale waliokuwa wanalalamika kuchelewa. Na mimi ningelalamika. Ningekuwa na kikao Milano ningelalamika kweli, na juu ya kichwa changu kuna kila nilichokuja kukitafuta.

Kutoka juu

Ndege ya kurudi iliondoka Zürich mchana, anga jeupe halina wingu. Rubani akasema angalieni upande wa kulia. Watu wote simu juu.

Nayo niliona, na kwa uzuri hakuna kinachoshinda hicho. Vilele vyote kwa pamoja, mpaka macho yanapoishia, kama kanga nyeupe iliyofinyangwa ikatupwa juu ya meza. Barafu zinashuka kwenye mabonde kama njia. Kwa mara ya kwanza niliiona yote kwa mkupuo.

Lakini hakuna mtu. Kutoka huko juu hakuna reli, hakuna Airolo, hakuna mgongo wa mtu yeyote. Ukiangalia unaweza kuamini kwamba ile milima imekaa tu tangu dunia iumbwe na sisi tunaivuka kwa sababu tunastahili kuivuka.

Nikakumbuka mtu mmoja. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Kibo alikuwa na Ludwig Purtscheller, Muaustria, mtu wa Alps haswa, aliyeleta kamba na ujuzi wa kutembea kwenye barafu. Sisi tunamjua pia mzee Lauwo wa kwetu Marangu, anayesemekana aliwaongoza njia. Lakini kulikuwa na Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, wa nazi na jua. Huyo ndiye aliyebaki kambini juu kule, zaidi ya mita 4,000, kwenye baridi ambayo kwao haina hata jina, analinda hema na kupika, siku baada ya siku, wakati hao wawili wanapanda na kushuka na kupanda tena. Hakufika kileleni, na hakuna barafu wala kilele kilichopewa jina lake. Purtscheller anacho chake, kiko Mawenzi mpaka leo.

Nani alimuona Mwini Amani alivyokuwa anauangalia ule mlima usiku, amekaa peke yake kwenye hema? Aliuona kweli kuliko wote nadhani. Alikuwa na muda.

Na baba yangu alikuwa na muda.

Picha ya machela

Nilifika nyumbani Marangu Jumamosi, wiki mbili baada ya safari. Mama alitaka kuona kanisa, nikamuonyesha, akauliza kama wana ibada ya asubuhi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje upande wa migomba. Nikamsogezea simu nikamuonyesha picha za treni, reli iliyojizungusha, theluji. Anaitikia tu, ee, ee, vizuri.

Nikafika kwenye ya sanamu. Nikasema hawa ni waliochimba njia ya treni, wamebeba mwenzao.

Akaichukua simu mkononi. Akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, nilikuwa sijui kama anajua kufanya hivyo. Akaangalia miguu yao kwanza. Alafu mikono.

"Wanashuka hawa au wanapanda?"

Nikamwambia wanatoka nje, handakini, ni tambarare.

"Hapana. Wamembeba muda mrefu." Akaweka kidole juu ya wa nyuma. "Huyu wa nyuma haoni anapokanyaga, machela imemziba. Anamsikiliza wa mbele."

Alafu akanyamaza, nikadhani yameisha, nikanyoosha mkono nichukue simu. Hakunipa. Akaanza kunisimulia usiku mmoja ambao sijawahi kuusikia katika maisha yangu yote, na mama naye akatoka jikoni akasimama mlangoni na kijiko, kwa hiyo nadhani naye hakuwahi. Mgeni alizidiwa juu, mwaka haukumbuki, kabla hakujawa na machela za tairi. Walikuwa sita. Walimtoa Kibo Hut saa nane usiku wakamshusha mpaka Horombo, kambi ya chini yake, upepo unatoka Mawenzi, taa moja tu na imeshikwa na wa mbele. Baba alikuwa wa nyuma.

"Ulimsikiliza nani?" nikamuuliza.

Akataja jina. Mzee wa hapohapo kijijini, jirani yetu wa juu ya mfereji, tuliyemzika mimi nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa namjua kama mzee wa kuuza ndizi.

"Alikuwa ananihesabia," baba akasema. "Jiwe. Jiwe. Shimo. Jiwe. Mpaka kukakucha."

Akageuka na mwili wote kuangalia juu, kule nyuma ya migomba. Ulikuwa umefunikwa.